Shingo ya Mdhamini

Mwezi wa Saba, siku ya nne

Leo mdomo wangu umeniponza, na sijui nimwambieje mke wangu, Mama Yan.

Baraza liliitwa asubuhi. Kamanda wa ngome ya Korongo amekufa kwa homa, na wapelelezi wanasema majeshi ya Magharibi yanakusanya mikokoteni ng'ambo ya mto. Wanataka kupita kabla theluji haijafunga njia. Korongo ndilo mlango wa nchi yetu. Adui akilishika, atakuwa hapa mjini kabla hatujamaliza kufunga mizigo.

Waziri Mkuu Tian akamsifu mpwa wake, Hua Lie. Wote wakamsifu Hua Lie. Kweli kijana ana umbo, ana sauti, na akipita juu ya farasi wanawake huacha kufua. Ameahidi kuwafukuza Wamagharibi hadi kwao na kurudi na ngoma zao. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mahali pa msimamizi wa maghala ya nafaka, nawaza chakula cha mchana. Bwana Mkuu akaniona.

"Pei Zhong, wewe umepeleka ulezi kwenye ngome zote za mpakani. Kati ya makamanda wangu, yupi ungempa Korongo?"

Ningesema Hua Lie, saa hii ningekuwa nimejinyoosha mkekani. Nikasema Xun Tai. Nilisema kwa sababu ndivyo ninavyojua: makamanda wote huniuliza pombe itafika lini, na Xun Tai peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza watu wake watakula nini barabara ikikatwa.

"Vyema," akasema Bwana Mkuu. "Basi wewe ndiye mdhamini wake."

Sheria hii kila mtu anaijua. Jemadari akikimbia, akijisalimisha au akipoteza alichokabidhiwa, adhabu yake ni ya mdhamini wake pia: kichwa kwa kichwa, na mke na watoto wanauzwa. Akishinda, zawadi ni yake peke yake. Kinachomfungua mdhamini ni kitu kimoja tu, jemadari aondolewe kwenye cheo. Waziri Mkuu alinigeukia akatabasamu, kama mtu anayemwona jirani yake ameingia tope lililokuwa lake.

Siku ya tano

Nimemwambia. Mama Yan alikuwa anachambua maharage. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Huyo Xun Tai ni ndugu yako?" Nikasema hapana. "Ni shemeji yako?" Hapana. "Mlishawahi hata kula pamoja?" Mara moja, figili na chumvi. Akaendelea kuchambua, na machozi yanaanguka kwenye maharage.

Yan wetu ana posa tayari, anaolewa majira ya kuchipua. Sikuthubutu kumtazama.

Siku ya tisa

Leo Xun Tai amekabidhiwa shoka la ujemadari hekaluni. Wamemkata kucha za mikono na miguu kama maiti anavyoandaliwa, wakamvika nguo za msiba, akatoka kwa tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa kaskazini, maana jemadari anayekwenda vitani hapiti mlango wa watu walio hai. Nimeiona desturi hiyo mara nyingi na haikuwahi kunigusa. Leo kila kucha iliyokatwa niliisikia shingoni.

Ni mtu mfupi, mabega yameanguka, anapepesa macho. Alipopita mbele yangu nilitaka aseme neno la kunipa moyo. Alisema, "Yale magunia ya mwisho yalikuwa na unyevu. Yaanike."

Siku ya kumi

Desturi inataka familia ya jemadari ibaki mjini chini ya macho ya Bwana Mkuu. Xun Tai hana mke. Ana mama, na mama ameletwa kukaa kwetu. Ameingia na kuku watatu na kijiti cha kujikunia mgongo, akaonja uji wetu, akasema ni wa wagonjwa.

Nilimuuliza, kwa heshima zote, mwanawe ni mtu wa namna gani. "Tai?" akasema Bibi Xun. "Tai alikuwa anaogopa bata. Bata wakipita uani, anajifungia jikoni. Umwite, hatoki. Umpelekee fimbo, hatoki. Umwambie kuna nyama, ndiyo kabisa, anajua unamdanganya."

Ole wangu! Nimeweka shingo yangu kwa mtu aliyeshindwa na bata.

Siku ya kumi na saba

Moshi mmoja.

Kila asubuhi napanda ukutani kutazama kilima cha ishara, kinachorudia moshi wa Korongo. Moshi mmoja, Korongo ni salama. Mioshi miwili, adui amefika nje. Mitatu, wanapanda kuta. Kukiwa hakuna moshi, hata walinzi wa kilima hawapendi kusema maana yake.

Siku ya kumi na nane

Moshi mmoja. Bibi Xun amemfundisha Yan mchezo wa vijiti, na anamwibia wazi wazi.

Siku ya ishirini na mbili

Moshi mmoja. Mvua.

Mwezi wa Nane, siku ya pili

Mioshi miwili.

Nimeambiwa jeshi lao ukilitazama toka juu huoni nyasi.

Siku ya sita

Mambo yameharibika. Mjumbe amefika na habari kwamba Xun Tai ameuacha mji wa Maji Matatu, ulio chini ya Korongo. Hakupigana hata kidogo. Amewahamisha watu wote na mbuzi wao nyuma ya ukuta, na mashamba yaliyokuwa tayari kuvunwa ameyachoma moto. Ulezi uliokomaa! Mimi msimamizi wa maghala nilisikia habari hiyo kama mtu anayesikia amefiwa.

Barazani walinigeuka wote. "Jemadari wako anatuchomea chakula?" "Mji wa mababu umeachwa kama kiatu kibovu!" Hua Lie alisimama akasema angekuwa yeye, Wamagharibi wangekuwa wanaogelea sasa hivi kurudi kwao. Wakampigia makofi. Nikasema huenda ana sababu. Waziri Mkuu akanijibu kwa upole, "Sababu anayo, Pei. Ni woga."

Nilirudi nyumbani nikipita uchochoroni. Nilimchukia Xun Tai kwa moyo wangu wote, naandika nilivyohisi.

Siku ya kumi na moja

Mioshi miwili. Mvua haikatiki. Bibi Xun anasema uji umepungua chumvi.

Siku ya kumi na tano

Leo ni sikukuu ya mwezi mpevu, na hakuna aliyekuja kutusalimia. Mwaka jana ua ulijaa watu.

Wamagharibi, nasikia, wanasimama chini ya ukuta tangu jua linapochomoza wanamtukana Xun Tai. Wanamwita kuku wa kutaga. Wamemtukana mama yake matusi ambayo mjumbe alikataa kuyarudia, na Bibi Xun akamshika mkono akamwambia, "Sema, baba. Mimi ni mtu mzima." Mjumbe akasema, ameinamisha kichwa. Mama Yan akaziba masikio ya Yan.

Bibi akauliza, "Na yeye akafanyaje?"

"Hakutoka, Bibi. Aliagiza ukuta uongezwe udongo."

"Hata kwa hilo hakutoka?"

"Hakutoka."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu nikaona anajifuta macho kwa mkono wa nguo, na hakula chakula cha jioni.

Siku ya kumi na tisa

Sokoni muuza figili ameninyima figili. Ameniambia mbele ya watu, "Nenda kanunue kwa Wamagharibi, si mmekula dhahabu yao?" Mji mzima unasema Xun Tai amehongwa, na mimi nimehongwa kupitia kwake. Maneno hayo yametoka wapi, sijui. Nadhani kuna watu wamelipwa na adui kuyapanda, lakini ukisema hivyo watu wanakucheka machoni.

Niliporudi, Bibi Xun alimwambia Mama Yan, "Waache wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Mama Yan akamjibu, "Bibi, kwetu sisi vyote viwili vimeshafika." Ni mara ya kwanza namsikia akimjibu.

Siku ya ishirini na tatu

Mioshi miwili.

Siku ya ishirini na nne

Mioshi miwili. Umande umeanza kuganda juu ya majani.

Siku ya ishirini na tano

Mama Yan ameniambia la moyoni. Tulikuwa tunaanika magunia. "Baba Yan, wanasema kesho Bwana Mkuu atakuuliza kama jemadari aondolewe. Sema ndiyo. Akiondolewa, wewe umefunguliwa. Sheria iko wazi. Mambo yakiharibika, yaharibike kwa shingo ya Hua Lie na ya mdhamini wake."

Nikamuuliza, "Na Bibi je?" Jemadari akiondolewa huku anasemwa vibaya, mama yake hapelekwi nyumbani, anapelekwa gerezani.

Akageuza gunia. Bibi alikuwa upande wa pili wa ua, anamgombeza kuku.

"Nina mtoto mmoja," akasema Mama Yan.

Siku ya ishirini na sita

Nitaandika yote, hata yale ya kunitia aibu.

Nilikwenda barazani nimeshaamua. Njiani nililirudia neno, "Aondolewe," kama mtoto aliyetumwa dukani. Bwana Mkuu alionekana hajalala. Aliniita mbele, akauliza, "Pei Zhong, watu wote wanasema jemadari wako ni mwoga au ni msaliti. Bado unamdhamini, au nimwondoe?"

Nikasema, "Aondolewe, Bwana Mkuu."

Nilipumua. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba niliihisi shingo yangu ni yangu. Nyuma yangu watu walinong'ona kwa furaha. Hua Lie alikuwa ameshasimama, ameshika mkanda wake.

"Sawa," akasema Bwana Mkuu. "Hua Lie atachukua shoka. Nani anamdhamini?"

Hakuna aliyejitokeza.

Nilidhani hawakusikia. Bwana Mkuu naye alidhani hivyo, akarudia. Hao ndio watu waliomsifu msimu mzima, waliompigia makofi, walionitemea mimi mate. Mkuu wa magari ya vita alianza kukagua ncha ya kiatu chake. Msimamizi wa mahekalu akasema angependa sana, lakini mama yake ni mgonjwa. Mwingine akasema jina lake ni dogo mno kwa mtu mkubwa kama Hua Lie. Bwana Mkuu akamgeukia Waziri.

"Tian? Ni mpwa wako."

"Bwana Mkuu," akasema Waziri, "mimi ni mzee. Dhamana ya mzee haina uzito."

Hua Lie alikuwa bado amesimama. Uso ulimbadilika, nikamwonea huruma, kijana wa watu. Hakuwa ameambiwa na mtu kwamba hawamwamini.

Bwana Mkuu akasema polepole, "Xun Tai amekanwa na mdhamini wake. Hua Lie hana mdhamini. Basi tangu sasa Korongo halina jemadari."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Woga wa mwanzo ulikuwa wa kichwa changu na nyumba yangu. Sasa niliona ukuta ule, na watu wa Maji Matatu na mbuzi wao nyuma yake, na kila mtu humu ukumbini anatazama viatu. Nilijua kwamba katika watu wote hawa hakuna aliyewahi kumwamini mtu yeyote kwa chochote chenye thamani, isipokuwa mimi, na mimi nimetoka kumkana.

"Namdhamini Xun Tai," nikasema.

"Punde tu umemkana."

"Niliogopa, Bwana Mkuu."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi."

Hakuna aliyecheka. Bwana Mkuu alinitazama sana, kisha akaagiza mjumbe aende Korongoni kumwambia jemadari anabaki.

Habari zilinitangulia nyumbani. Bibi Xun alikuwa amekaa mlangoni, kijiti chake mapajani, kuku wake wamefungwa miguu tayari kwa safari. Nikapiga magoti.

"Ulimkana kwanza," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kisha ukamkubali."

"Ndiyo."

"Simama, udongo una baridi. Hata mimi niliyemzaa ningemkana." Akaanza kufungua kuku mmoja mmoja, na vidole havikumtii, ikabidi Mama Yan aje amsaidie. Mama Yan hajasema nami tangu hapo.

Mwezi wa Tisa, siku ya tatu

Ukungu. Hatuoni kilima.

Siku ya nne

Ukungu.

Siku ya tano

Ukungu. Nimepanda ukutani mara nyingi mpaka walinzi wamenipa kigoda. Yan amekuja kunifunika blanketi, akaniuliza, "Baba, wakituuza, watatuuza mimi na mama pamoja?" Nikamwambia asiseme upuuzi. Alipoteremka nililia, na mlinzi akageukia upande mwingine.

Siku ya saba

Ukungu umeinuka mchana. Mioshi mitatu.

Siku ya nane

Mitatu. Sili. Bibi Xun anakula cha kwangu na chake, anasema mmoja wetu lazima awe na nguvu za kulia.

Siku ya tisa

Mitatu. Upepo wa kaskazini unakata masikio.

Siku ya kumi

Hakuna moshi.

Nimevaa nguo safi. Mama Yan amenichana nywele akazifunga vizuri, mara ya kwanza kunigusa tangu siku ile. Tukakaa watu wanne uani tukisubiri watu wa Bwana Mkuu. Bibi Xun alikuwa amemshika Yan mkono. Hakuna aliyefika. Jioni ikaanza theluji.

Siku ya kumi na moja

Theluji. Hakuna moshi, hakuna mtu.

Siku ya kumi na mbili

Moshi mmoja.

Niliomba mlinzi ahesabu yeye. Akahesabu. Mmoja.

Siku ya kumi na sita

Mpanda farasi amefika, ndevu zimeganda. Wamagharibi wamerudi ng'ambo. Walikuwa wamepanga kula mavuno ya Maji Matatu na hawakukuta punje, wakala maksai wa mikokoteni, kisha farasi. Kwa njaa walipanda kuta siku nne mfululizo, na siku ya mwisho askari wetu walikosa kuni, wakachoma mpaka nguzo za mnara wa ishara wa Korongo kupasha moto mchanga wa kuwamwagia. Ndiyo maana hapakuwa na moshi. Kisha theluji ikafunga njia, na adui akaondoka na waliobaki.

Muuza figili ameniletea figili bure, kubwa. Nimezikubali, lakini sikumwambia asante.

Mwezi wa Kumi, siku ya pili

Xun Tai amerudi. Amekonda, vidole vya miguu viwili vimekufa kwa baridi. Mama yake alimpiga kofi, kisha akamshika uso kwa mikono miwili, hakumwachia.

Tulipokunywa, aliniambia, bila kunitazama, "Siku mjumbe wa Bwana Mkuu alipokuja, nilimwona toka ukutani. Nikaomba awe amekuja kuniondoa. Niliomba kama mtoto. Aliposema nabaki, nilikwenda nyuma ya zizi nikatapika."

"Uliogopa hivyo?"

"Kila siku. Nikiwa na ukuta, woga najua pa kuuweka. Sina ukuta, sijui." Akainywa pombe yake yote. "Kesho watanipa jeshi lote. Nivuke mto majira ya kuchipua, nikawafuate kwao. Nimeshasikia."

Siku ya tatu

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Bwana Mkuu alimvika Xun Tai joho la manyoya, akatangaza vita vya majira ya kuchipua, akauliza nani atamdhamini jemadari.

Ungeona! Walisukumana. Mkuu wa magari ya vita alipaza sauti, msimamizi wa mahekalu alipaza sauti zaidi, maana mama yake amepona. Waziri Mkuu Tian, mzee asiye na uzito, alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Cheo kipya, dhamana mpya. Mimi nilikuwa nimefunguliwa. Ningeweza kwenda nyumbani nikalala mpaka harusi ya Yan.

Xun Tai alisimama katikati ndani ya manyoya yale, anapepesa macho. Jemadari hawezi kusema mbele ya baraza kwamba anaogopa. Alinitazama mimi.

"Pei Zhong," akasema Bwana Mkuu, "mbona wewe kimya?"

Nikasema, "Akivuka mto, simdhamini, Bwana Mkuu."

Wakaguna wote. Waziri akacheka. "Ulimdhamini akiitwa mwoga, unamkana akiitwa shujaa?"

"Mtu ni yule yule," nikasema. "Mpe ukuta, atakufa juu yake. Mpeleke uwandani, atawapoteza watu wako wote. Akirudi Korongoni, namdhamini tena, kichwa na nyumba. Kwingine kokote, hapana."

Safari hii hawakutazama viatu, walikuwa wananitazama mimi, na Bwana Mkuu alikuwa amekaza uso. Nilijua anaweza kunimaliza pale pale. Akamgeukia jemadari wake.

"Wewe unasemaje?"

Xun Tai akaanguka kifudifudi, joho na yote. "Bwana Mkuu, anayenijua ni huyo."

Bwana Mkuu akaagiza makaa yaongezwe. Kisha akasema jeshi halitavuka mto, na Xun Tai anarudi Korongoni kesho.

Nilipofika nyumbani, Mama Yan alikuwa mlangoni. Alinisoma usoni kabla sijavua viatu.

"Umefunguliwa?"

"Nilifunguliwa. Nimejifunga tena."

"Mpaka lini, Baba Yan?"

"Mpaka mmoja wetu afe, mimi au yeye."

Alinitazama sana. Kisha akaingia ndani, na nikamsikia anatandika upya kitanda cha Bibi Xun.